Fimbo Isipande Jukwaani

Kitale,
Jumanne, 6 Mei 2025

Mwalimu wangu Mukhwana,

Mulembe. Mimi ni mzima, watoto wanakohoa lakini wanakula, mvua imekuja na mahindi ya jirani yameota kabla ya yangu. Hiyo ndiyo hali. Nimeanza nayo kama ulivyotufundisha darasa la saba, kwamba barua isiyo na hali ni tangazo la ofisi.

Nakuandikia kwa kuwa simu haitufai. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za kwaya, ukanijibu habari za ng'ombe, na mkeo, Mama Phelista, akawa anacheka nyuma yako. Barua hii nitaiacha dukani kwa Vijay. Gari lao la vitambaa hushuka kwa nduguye Anil huko Bungoma kila Jumanne na Ijumaa. Mama akienda sokoni ataipitia, nawe ukijibu ipande kwa njia hiyo hiyo.

Haja yangu ni hii. Shule yetu imejiandikisha katika tamasha la muziki la kaunti, tarehe 27 Juni, kwa mchezo wa kuimbwa wa dakika ishirini. Mimi na Mwihaki, mwenzangu anayefundisha Kifaransa, tumeamua wasichana waeleze jinsi opera ya Wafaransa ilivyozaliwa, na jinsi Waitalia walivyohusika. Wasichana thelathini, wengi wao hawajavuka Eldoret, wataimba habari za jumba la mfalme wa Ufaransa! Usicheke.

Mwihaki ana lugha lakini hana hadithi. Mimi nakumbuka daftari lako la bluu la chuoni, lile ulilokuwa ukitusomea mvua ikitufungia kanisani. Mlikuwa na mtu mmoja ndani yake aliyetoka Italia. Nisimulie tena, Mwalimu. Safari hii nitaandika.

Wako,
Nangila


Kabuchai, Bungoma,
Jumatatu, 12 Mei 2025

Nangila binti yangu,

Kumbe ulikuwa unasikiliza! Mimi nilidhani ulikuwa unalala.

Daftari ninalo, panya wamekula pembe tu. Sikiliza basi. Waitalia ndio waliotangulia kuweka mchezo mzima katika wimbo, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Huko Ufaransa mtawala mkubwa chini ya mfalme alikuwa Kadinali Mazarin, naye alikuwa Mwitalia. Mtu akitawala ugenini hutamani chakula cha kwao. Akawaita waimbaji kutoka Italia, na mafundi wa mitambo ya kushusha miungu kutoka mawinguni. Wafaransa wakaja, wakashangaa mawingu, wakapenda ngoma, lakini uimbaji ukawachosha. Saa nzima mtu analia kwa lugha usiyoijua, ungefanya nini? Wengine walinung'unika pia kwamba gharama ile ililipwa na kodi zao.

Sasa mtu wako ndiye huyu. Giambattista Lulli, mtoto wa msaga unga, mji wa Florence. Alipelekwa Ufaransa akiwa na miaka kumi na minne hivi, kazi yake kuzungumza Kiitalia na binti mmoja wa ukoo wa mfalme ili aizoee lugha. Akajifunza fidla, akajifunza kucheza, hata akawa anacheza jukwaa moja na mfalme mwenyewe, Louis wa Kumi na Nne. Akaitwa Lully, kwa tahajia ya wenyeji. Na ni yeye, mgeni, aliyewapa Wafaransa opera ya kwao. Kabla ya hapo husemekana alidai Kifaransa hakifai kwa opera. Wengine wawili walipojaribu na watu wakajaa, akageuka, akaenda kwa mfalme na kutoka na kibali kilichowafungia milango wote isipokuwa yeye. Usimfanye malaika. Hakuwa.

Kwaya nimempa Hillary aishike kwa muda. Nimechoka na kelele.

Ukipata sandali za mpira, pana, namba kumi, niletee kwa gari la Anil. Uzee umenifanya nipende nafasi.

Mwalimu wako,
J. Mukhwana


Kitale,
Ijumaa, 16 Mei 2025

Mwalimu,

Mulembe. Sisi wazima. Sandali hizo hapo, namba kumi, ingawa miaka yote nakujua wewe ni mtu wa namba nane. Hizi ni mitumbwi! Mama asije akakutuma mtoni nazo.

Hadithi yako imewasha moto. Mtoto wa msaga unga wamempenda mno, hata yule mbaya wa mwisho anayeiba kibali. Tumempa nafasi hiyo msichana mmoja wa Kapsokwony, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha. Mwihaki ametafsiri nusu kwa Kifaransa, nusu tunaimba kwa Kiswahili.

Lakini tumekwama pahali. Nimewapa wimbo wa kupambapamba wa Kiitalia kwa sehemu ya Mazarin, nao unapendeza. Wanapofika kwa Lully wanaendelea vile vile, wanalivuta neno moja hadi maana inakatika. Nini hasa alichobadilisha huyu mtu?

Na nina habari itakayokufurahisha. Mwihaki amesoma kwamba zamani zile kiongozi wa waimbaji alipiga mpigo kwa fimbo sakafuni. Nikaruka! Kwani si ndivyo ulivyotuongoza? Bado naisikia ile fimbo yako yenye chuma ikigonga saruji ya kanisa, na sisi hakuna aliyethubutu kuchelewa hata nukta. Nimemchongesha fundi fimbo kama ile, na chuma chini. Msichana wangu ataingia nayo jukwaani, ko, ko, ko. Itakuwa heshima kwako.

Nisaidie na mwisho pia. Alikufaje?

Nangila


Kabuchai,
Alhamisi, 22 Mei 2025

Nangila,

Fimbo isipande jukwaani.

Nasema mapema ili usiendelee kuzoesha watoto upuuzi. Mpe mkono, mpe karatasi iliyokunjwa, mpe hata mwiko. Fimbo yenye chuma, hapana. Na wewe darasani kwako kama unaitumia, iweke juu ya kabati. Hili si ombi.

Kuhusu uimbaji. Alichobadilisha ni kwamba alisikiliza jinsi Wafaransa wanavyosema. Husimuliwa kwamba alikwenda kwenye michezo isiyo ya kuimba, akakaa, akasikiliza waigizaji wanavyopandisha na kushusha sauti, ndipo akaandika tuni iliyofuata maneno. Mitindo ya Kiitalia alikuwa nayo, lakini akaikata ienee mdomo wa Mfaransa. Sisi hapa tulikosea kinyume chake. Tulipokea tuni za Waingereza, tukayasukumiza maneno ya Lubukusu ndani yake kama mtu anayesukumiza mguu katika kiatu cha mwingine, na bibi zetu wakawa wanaimba kanisani maneno wasiyoweza kuyatambua. Nilitumia miaka thelathini kuwatoa hapo. Kwa hiyo waambie wasichana wako wasiimbe kwanza. Waseme. Waseme mstari mara kumi kama wanagombana sokoni Kamukuywa. Halafu waimbe ule ugomvi.

Alikufa mzee, kitandani kwake, kwa homa, akiwa na heshima zake zote na watoto wake wamemzunguka. Mwisho mzuri na mfupi. Usiuchezee.

J. Mukhwana


Kitale,
Ijumaa, 6 Juni 2025

Mwalimu,

Mulembe. Hali ya hapa si nzuri na sababu ni wewe, samahani kwa kukuambia hivyo.

Tulifanya ulivyosema. Waligombana wiki nzima, na sasa wanaimba mpaka wapishi wanatoka jikoni kusikiliza. Fimbo nimeiweka juu ya kabati. Mwisho niliuandika kama ulivyonipa, homa, kitanda, watoto. Wasichana wakaukariri.

Jumatano Mwihaki akaniwekea kitabu mezani. Alinionyesha tu ukurasa. Lully hakufa kwa homa ya uzee. Mwezi Januari mwaka 1687 alikuwa akiongoza wimbo wa shukrani, kwa kuwa mfalme amepona baada ya kupasuliwa. Alikuwa akipiga mpigo kwa fimbo yake. Akakosea, akajipiga kidole cha mguu. Kidonda kikaoza. Madaktari wakamwambia wakikate kidole, akakataa, na husemekana ni kwa sababu alikuwa mcheza ngoma. Mwezi Machi akafa.

Nilimwambia Mwihaki mwalimu wangu hawezi kukosea namna hiyo. Wewe ndiye uliyenirudisha nyumbani kwa miguu mvua ikinyesha, nikachukue kitabu, kwa sababu nilikisia tarehe. Hukisii wewe. Basi nikarudi nikazisoma barua zako mbili, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyo na hali. Hukusema ni mzima, hukusema ni mgonjwa. Uliyetufundisha! Umeacha kwaya. Umeomba sandali za namba kumi. Umekataa fimbo kwa hasira ambayo sijaiona kwako tangu nizaliwe.

Jana nilipiga simu ya Mama. Akasema, "Yuko tu sawa, mwanangu, si unajua mwalimu." Alisema haraka mno, na nilikusikia ukikohoa kando yake.

Nakuuliza waziwazi. Mguu wako una nini?

Nangila


Kabuchai,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Nangila,

Kitabu cha mwenzako kiko sahihi. Mzee amesahau. Andika mwisho unaoupenda, mchezo ni wenu.

Kuhusu mguu wangu, nilikuwa mwalimu wako wa muziki na sikumbuki siku niliyokupa kazi ya udaktari. Mtoto hampekui mzazi wake viatu. Wabukusu hatufanyi hivyo, na huko Kitale pia natumai hamfanyi.

Nawatakia heri katika tamasha. Hakuna haja ya kujibu.

J. Mukhwana


(Ndani ya sandali ya kushoto, iliyorudishwa kwa gari la Anil)

Jumanne, 10/6

Nangila mwanangu,

Mimi naandikia hapa kwa kaunta ya Anil, amenipatia karatasi na kiti. Mwalimu ananingoja nyumbani ati nimeenda kununua sabuni. Nimekurudishia hii ya kushoto sababu haimuingii tena. Hata hii ya namba kumi.

Ilikuwa wiki ya Pasaka, mazoezi. Aligonga fimbo, chuma ikashuka kwa kidole kikubwa. Wewe unajua ako na sukari. Damu kidogo tu, akafunga na kitambaa akaendelea kuimbisha watu. Mwisho wa Aprili tulienda hospitali, daktari akasema, mzee, tukate hii kidole moja, utaenda nyumbani. Akaamka akatoka. Sasa ni vidole vitatu vimekuwa nyeusi na harufu iko mpaka sebuleni. Hillary anakuja kumsalimia, anamwambia asimame kwa mlango.

Ni juu ya Mulongo, pacha wake. Wewe ulikuwa mdogo. Alikatwa mguu, hakuamka. Mwalimu anasema wao walikuja pamoja na hawezi kuingia mahali penye Mulongo hakutoka. Mimi nimeongea nikachoka. Nimelia pia. Pasta amekuja, wakaimba, pasta akaenda.

Wewe anakusomaga. Barua zako anaweka chini ya mto. Andika kitu, mwanangu. Usiseme ni mimi, lakini hata ukisema sijali tena.

Mama yako Phelista


Kitale,
Ijumaa, 13 Juni 2025

Mwalimu,

Mulembe. Sitasema ni wazima, maana sijalala vizuri tangu Jumanne, na wewe najua hulali.

Najua yote. Aliyeniambia ni mkeo, na ukimkasirikia mimi na wewe tutakuwa tumemalizana. Sentensi hiyo siifuti.

Unasema mtoto hapekui viatu vya mzazi. Sawa. Lakini ni wewe uliyenituma kununua kiatu.

Nimeelewa kwa nini ulimuua mtu wa Florence kwa homa. Ulitaka awepo mtu mmoja duniani aliyejipiga kwa fimbo yake na akazeeka. Ningekuwa wewe ningetaka hivyo hivyo. Lakini hakuzeeka, Mwalimu. Aliombwa kidole akakataa, na miezi miwili baadaye akatoa mwili mzima. Na ile ngoma aliyoihofia, hakuicheza tena hata mara moja. Wewe Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili. Hesabu mwenyewe umebaki na siku ngapi za kufanana naye.

Kuhusu Baba Mulongo. Nilikuwa mdogo, ndiyo, lakini nilimpigia Mama simu tena nikamuuliza, na safari hii alinijibu bila kuharakisha. Mulongo alificha kidonda chake miezi minne. Alivaa gambuti kiangazi chote ili mtu asione. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajitambui. Msumeno haukumuua, ni ile miezi minne. Wewe na yeye mmelingana kila kitu, hata katika hili unamfuata kama mnapanga mstari shuleni. Mmoja wenu na aache!

Nina hasira na wewe. Nakupenda na nina hasira, na sijui ipi nianze nayo. Baba yangu alipokufa ni wewe uliyekuja shuleni kuniambia, ukanikalisha nje ya darasa, hukunidanganya hata neno moja. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulisema mtu mzima huambiwa ukweli, na wewe leo ni mtu mzima. Kwa hiyo nawe nakuambia ukweli. Unakufa, Mwalimu, na dawa unaijua.

Nimeuondoa mwisho wa homa. Ukurasa wa mwisho wa mchezo wetu sasa ni mweupe. Wasichana wananiuliza kila siku, "Ticha, anaishia wapi?" nami nawaambia nangoja barua. Tamasha ni tarehe 27. Sitaandika mstari hata mmoja mpaka uniambie umelala kitanda cha hospitali. Ikifika siku hiyo kabla hujaniambia, wataimba hadi pale anapoinua fimbo, kisha watasimama kimya mbele ya waamuzi na watu wote, na nitaenda kuwaeleza wazazi wao kwa nini.

Jumapili nitakuwa nimesahihisha mitihani. Jumatatu ninakuja Kabuchai. Ama nikukute umevaa tayari, ama unifukuze mbele ya majirani.

Nangila


Bungoma, hospitalini, kitanda cha dirishani,
Jumatatu, 23 Juni 2025

Nangila binti yangu,

Mulembe. Naanza na hali, maana nimekumbuka nilivyofundisha. Mimi si mzima. Sukari imeshuka, homa imeondoka jana, usiku nasikia vidole ambavyo havipo vikiwasha, na nimekula ugali kidogo na mrenda. Mama yako amelala kwenye kiti, mdomo wazi, nimekatazwa kumcheka.

Wamechukua vidole vyote vitano na kipande cha unyayo. Daktari, binti mdogo kuliko wewe, alisema kama ningengoja wiki nyingine angekata juu ya goti, na kama ningengoja mbili asingekuwa na haja ya kukata. Aliniambia bila kuniita mzee. Nilimpenda kwa hilo.

Sikukushukuru Jumatatu ile. Ulinikuta nimevaa, na ukadhani nilikuwa nimeamua. Sikuwa nimeamua. Nilivaa ili nikufukuze nikiwa na koti. Halafu nikakuona unashuka kwenye pikipiki umeikumbatia ile sandali moja, umeivisha mfuko wa nailoni isilowe, na nguvu za kufukuza mtu zikaniisha.

Niliogopa, Nangila. Naliandika hapa kwa kuwa mdomo wangu haujazoea kulisema. Waliponisukuma kwenye mlango wa chumba cha upasuaji nilimwita Mulongo kwa sauti, na nesi akadhani ninaita mtu wa karibu, akatoka kwenda kumtafuta. Nikaona mwenyewe ni kichekesho. Nililala nikicheka kidogo, ndivyo wanavyosema.

Na siku ya fimbo pia nilicheka. Chuma kilipoingia, wa kwanza kumkumbuka alikuwa yeye, mtoto wa msaga unga. Hillary aliniona nacheka, akafikiri sauti ya pili imenifurahisha, akawaambia wairudie. Wakairudia, nami nikasimama pale damu ikijaa kwenye kiatu, nikapiga mpigo hadi mwisho. Ndiyo maana nilikudanganya. Nilijua tangu siku ile ile ninakokwenda, na sikutaka wasichana wako waimbe njia nzima.

Hillary alikuja jana, safari hii hakusimama mlangoni. Anawaongoza kwa mkono mtupu. Nikamuuliza wanachelewa kiasi gani. Akajikuna, akasema, "Mwalimu, si unisamehe, lakini wanaimba vizuri kuliko wakati wako. Ati kumbe walikuwa wanasikiliza fimbo, sasa wanasikilizana." Iliniuma kuliko kisu cha daktari. Nimelala nayo usiku kucha, na nadhani amesema kweli.

Sasa ukurasa wako mweupe. Toa fimbo juu ya kabati. Umpe yule msichana wa Kapsokwony, aingie nayo, na waisikie watu ikigonga. Aonywe tu asimame mbali na mguu wake. Akishajipiga, wengine wasinyamaze na wasishtuke. Waendelee bila mpigo, wakisikilizana, yeye akiwa anashuka polepole hadi sakafuni huku anakataa kwa kichwa kila anayemkaribia. Na wimbo umalizike kabla hajamalizika yeye.

Mama yako anasema umtie mtu aliyemponya, watu waende nyumbani na furaha. Usifanye hivyo. Usimponye kwa ajili yangu. Mwache afe kama alivyokufa, Nangila. Mwisho uliokuwa wa kubadilishwa umeshabadilishwa.

Mwalimu wako,
Mukhwana

Ile sandali ya kushoto uliyorudi nayo Kitale, itume kwa gari la Ijumaa. Sasa itaniingia.